Kichomi Kinachomkataza Mgonjwa Kulala Chali

Mgonjwa wa nimonia mara nyingi hulalia upande unaomuuma. Ubavu ukigandamizwa na godoro haupanuki sana, na usipopanuka kichomi kinapungua. Kwa hiyo ukimkuta mtu mwenye homa na kikohozi amekesha ameketi, viwiko juu ya magoti, amekumbatia mto, na kila akiegemezwa nyuma anarudi mbele upesi, muulize kabla ya lolote: unakaa kwa sababu hewa haikutoshi, au kwa sababu ukilala kunachoma?

Aliyepungukiwa hewa atasema hewa. Anayechomwa ataweka kiganja katikati ya kifua, kisha mkono utapanda hadi kwenye msuli unaotoka shingoni kwenda bega la kushoto. Jibu hili la pili linakuambia kwamba huenda utando unaozunguka moyo nao umevimba. Kuanzia hapo mgonjwa huyu achukuliwe kuwa na magonjwa mawili mpaka vipimo vikatae, hata kama kwenye faili limeandikwa moja. Makosa mengi tunayoyajua katika hali hii yana asili moja. Jina la nimonia lilipatikana mapema, na kila dalili iliyofuata ikatundikwa kwenye jina hilo: maumivu ni ya nimonia, mapigo ya haraka ni ya homa, uchovu ni wa kutokula. Nimonia kweli ilikuwapo. Ndiyo maana hakuna aliyetafuta zaidi.

Moyo umo ndani ya mfuko wenye tabaka mbili, na kati ya tabaka hizo kuna majimaji kidogo, mililita 15 hadi 50, yanayolainisha mwendo wa moyo unapodunda. Mfuko huo umekaa katikati ya mapafu mawili. Umegusana na utando wa mapafu kushoto na kulia, na karibu yake zimo tezi za limfu zinazopokea vijidudu kutoka mapafuni. Njia ya maambukizi ni fupi. Usaha uliojikusanya kando ya pafu unaweza kupenya moja kwa moja hadi kwenye mfuko wa moyo. Bakteria wanaweza kupitia kwenye damu. Kifua kikuu mara nyingi hutoka kwenye tezi hizo, zikivujia ndani ya mfuko. Na virusi, vya homa ya mafua au vya korona kwa mfano, vinaweza kushambulia njia ya hewa na utando wa moyo ndani ya wiki ileile.

Pafu lenyewe halina neva za maumivu. Kinachouma katika nimonia ni utando wa nje, ule unaogusana na mbavu, ndiyo sababu kichomi chake kina mahali: mgonjwa hukionyesha kwa kidole kimoja. Maumivu ya utando wa moyo nayo huongezeka ukivuta pumzi na ukikohoa, na hapo ndipo wengi hupotea njia. Kinachoyatenganisha ni mkao. Ukilala chali yanazidi, ukiketi na kuinama mbele yanapungua, wakati mwingine papo hapo. Yale ya begani yana sababu yake: neva inayoongoza kiwambo, ule msuli mpana kati ya kifua na tumbo, huanzia shingoni na kupita juu ya mfuko wa moyo, hivyo ubongo husoma maumivu ya mfuko kana kwamba yanatoka begani. Tahadhari moja hapa. Nimonia ya sehemu ya chini kabisa ya pafu inaweza kuugusa utando unaofunika kiwambo na kuleta maumivu ya bega vilevile. Kwa hiyo bega peke yake halitoshi. Mkao na bega vikikubaliana, chukua hatua.

Hatua ya kwanza haigharimu chochote zaidi ya dakika 3 na chumba kimya. Mketishe mgonjwa, mwinamishe mbele, bonyeza upande bapa wa stethoskopu kwa nguvu kwenye ukingo wa chini wa mfupa wa kifua, upande wa kushoto. Mwambie atoe pumzi yote kisha aizuie. Unatafuta mkwaruzo, sauti kama ya ngozi kavu ikisuguana na nyingine, ambao katika kila pigo la moyo unaweza kusikika mara moja, mbili au tatu. Pumzi ikiwa imezuiwa na mkwaruzo unaendelea, huo ni wa moyo. Ukinyamaza pamoja na pumzi, ni wa utando wa pafu. Kwa mgonjwa mwenye vyote viwili utasikia mmoja ukikoma na mwingine ukibaki, na ukishausikia mara moja hutausahau.

Mkwaruzo huja na kuondoka. Asubuhi upo, mchana haupo, jioni umerudi. Daktari wa zamu ya mchana akiandika kwamba hakuna, na wa asubuhi ameandika kwamba upo, hakuna aliyekosea. Tunashauri usikilizwe angalau mara 3 kwa siku na saa iandikwe. Kuna jambo moja la kuogopa hapa: mkwaruzo ukipotea huku mgonjwa akizidi kuchoka na mapigo yakipanda, usihesabu hilo kuwa nafuu. Huenda majimaji yameongezeka na kuzitenga zile tabaka mbili zilizokuwa zikisuguana.

Kwa utaratibu unaokubalika, kuvimba kwa ghafla kwa utando wa moyo kunathibitishwa na mambo mawili kati ya manne: maumivu ya aina tuliyoieleza, mkwaruzo, mabadiliko kwenye kipimo cha umeme wa moyo, na majimaji mapya au yanayoongezeka ndani ya mfuko. Kwenye kipimo cha umeme, mstari unaofuata pigo kuu hupanda karibu kila mahali, ukiwa umejipinda kama bakuli, na kipande kinachotangulia pigo hilo hushuka. Katika mshtuko wa moyo kupanda huko hukaa eneo la mshipa ulioziba, na kwa kawaida sehemu iliyo mkabala hushuka. Lakini wagonjwa wengi wenye utando uliovimba kipimo chao hutoka safi, au hubadilika kwa muda mfupi tu. Karatasi safi haifuti maumivu.

Eksirei ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu kila mgonjwa wa nimonia hupigwa na kila mtu huiamini. Kivuli cha moyo hakianzi kupanuka mpaka majimaji yafike takriban mililita 200 au zaidi. Tena nimonia ya chini kushoto hufunika ukingo wa moyo, na maji ya kando ya pafu la kushoto, ambayo huandamana sana na ugonjwa wa utando wa moyo, huufunika zaidi. Msomaji wa picha huona weupe chini kushoto, huandika nimonia yenye maji, na kweli ipo. Kinachojibu swali ni ultrasaundi ya moyo. Huonyesha majimaji hata yakiwa machache, huyapima upana wake, na muhimu zaidi huonyesha kama yameanza kuugandamiza moyo. Chini ya milimita 10 ni kidogo, 10 hadi 20 ni ya wastani, zaidi ya 20 ni mengi. Damu ipimwe pia protini inayopanda wakati wa uvimbe, ile ambayo maabara huiita CRP, maana ndiyo itakayoongoza lini dawa zipunguzwe, pamoja na troponini, inayoonyesha kama msuli wa moyo wenyewe umeguswa.

Sasa tufike kwenye jambo linaloua.

Mfuko wa moyo hauvutiki haraka. Majimaji yakijaa polepole kwa wiki nyingi, kama ilivyo kawaida ya kifua kikuu, unaweza kubeba lita moja au zaidi na mgonjwa akaendelea kutembea. Yakijaa kwa saa chache, mililita 150 hadi 200 zinaweza kutosha kuubana moyo usijazwe damu. Ndiyo sababu wingi wa majimaji si kipimo cha hatari. Kasi yake ndiyo hatari. Mwaka 1935 daktari wa upasuaji Claude Beck alieleza ishara tatu za moyo uliobanwa: presha inashuka, mishipa ya shingo inavimba, na sauti za moyo zinafifia. Zikikutana zote, umechelewa kiasi. Zinazotangulia ni mapigo yanayokimbia, mgonjwa kutotulia, mikono kuwa baridi, na mkojo kupungua.

Kuna kipimo kingine cha kitandani ambacho kimeachwa bila haki, nacho kinahitaji mashine ya presha ya kupampu kwa mkono tu. Ile ya kielektroniki haiwezi kukifanya. Jaza mkanda mpaka upite presha ya juu kwa milimita 20 hivi, kisha achia hewa polepole mno huku mgonjwa akipumua kawaida, bila kuvuta pumzi ndefu. Mwanzoni utasikia mapigo wakati anatoa pumzi tu, na akivuta yanapotea. Andika namba hiyo. Endelea kushusha mpaka usikie kila pigo, anapovuta na anapotoa. Andika namba ya pili. Tofauti ikizidi milimita 10, presha inaporomoka kila anapovuta pumzi, na moyo huenda umebanwa. Kosa la kawaida ni kuachia hewa haraka, namba zote mbili zikapita bila kuonekana. Kosa lingine ni kumsahau mgonjwa wa pumu kali, ambaye naye anaweza kuwa na tofauti hiyo bila tatizo la moyo.

Moyo ukibanwa, mambo mawili ambayo kwa nimonia ya kawaida au kwa moyo ulioshindwa yangekuwa msaada hugeuka madhara. La kwanza ni dawa ya kukojosha, furosemidi. Mtu ana miguu imevimba, mishipa ya shingo imejaa, anahema, mkono unakwenda kwenye furosemidi bila kufikiri. Moyo uliobanwa unategemea shinikizo la damu inayoingia ili ujazwe hata kidogo. Ukiipunguza damu hiyo, presha inaanguka. Kinyume chake, mwenye presha ya chini anaweza kupewa maji ya mshipani kiasi kidogo, mililita 250 hadi 500, wakati vifaa vya kutoa majimaji vinaandaliwa. La pili ni kumlaza na kumwekea mashine ya kupumulia kwa haraka. Hewa inayosukumwa kifuani hupunguza damu inayorudi kwenye moyo, na wapo wagonjwa ambao moyo wao husimama dakika zilezile wanapopewa usingizi. Ikibidi mashine, majimaji yatolewe kwanza au timu iwe tayari na sindano mkononi.

Kutoa majimaji ni kazi ya aliyefundishwa, tena ultrasaundi ikimwonyesha njia. Ikipitia chini ya chembe cha moyo, sindano huingizwa kati ya ncha ya mfupa wa kifua na ukingo wa mbavu za kushoto, ikiinamishwa takriban digrii 30 hadi 45 kutoka kwenye ngozi, ikielekezwa bega la kushoto, huku akivuta bomba la sindano kidogo kidogo. Mara nyingi huachwa mrija laini, na hauondolewi mpaka kinachotoka kwa saa 24 kishuke chini ya mililita 25 hadi 30. Yakiwa mengi sana, yasitolewe yote kwa mkupuo. Huwa inashauriwa isizidi lita moja kwa mara moja, maana moyo uliozoea kubanwa ukiachiwa ghafla unaweza kushindwa kufanya kazi na mapafu yakajaa maji.

Majimaji yakishatoka, yasimwagwe. Hili tunalisema kwa uchungu. Mgonjwa amepona hatari ya dakika ile, kila mtu anashangilia, na chupa inatupwa kabla ya kujulikana ilikuwa na nini. Yagawanywe papo hapo: sehemu ya kuhesabu seli na protini, sehemu ya kuotesha bakteria, sehemu ya kutafuta vimelea vya kifua kikuu kwa hadubini, kwa kuotesha na kwa kipimo cha vinasaba, sehemu ya kimeng'enya kiitwacho ADA, na sehemu ya kutafuta seli za saratani. ADA ya uniti 40 kwa lita au zaidi inaelekeza kwenye kifua kikuu kwa nguvu, hasa pale ambapo ugonjwa huo ni wa kawaida. Kipimo cha vinasaba kikisema hakuna, usikifanye hakimu wa mwisho. Katika majimaji ya moyo vimelea huwa wachache, na wagonjwa wengi wa kweli hupitwa nacho.

Matibabu hutegemea nani ameshambulia, na hapa sababu tatu, yaani virusi, bakteria wa usaha na kifua kikuu, hazipaswi kuchanganywa.

Ikiwa ni virusi, au hakuna bakteria aliyepatikana na mgonjwa hana hali mbaya, dawa ni za kupunguza uvimbe. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima madaktari hutumia ibuprofeni miligramu 600 kila saa 8, au aspirini miligramu 750 hadi 1,000 kila saa 8, kwa wiki 1 hadi 2, kisha dozi hushushwa taratibu, pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Juu yake huongezwa kolkisini miligramu 0.5 mara mbili kwa siku kwa miezi 3, au mara moja kwa siku kwa mwenye uzito chini ya kilo 70. Kolkisini imethibitishwa kupunguza kurudi kwa ugonjwa. Prednisoloni huondoa maumivu upesi sana, na uzuri huo ndio mtego wake, kwa sababu ikitumiwa kama dawa ya kwanza kwa ugonjwa wa virusi huongeza uwezekano wa maumivu kurudi mara kwa mara. Watoto wenye dalili za virusi wasipewe aspirini, kwa hofu ya madhara makubwa ya ini na ubongo. Na mjamzito aliyepita wiki 20 asipewe ibuprofeni.

Ikiwa kuna nimonia ya bakteria, ibuprofeni inahitaji uangalifu wa pekee. Hushusha homa, na homa ndiyo ilikuwa inakuambia kama antibiotiki zinafanya kazi. Matumizi yake mapema katika nimonia yamehusishwa pia na usaha kando ya pafu. Mgonjwa aliyepungukiwa maji mwilini anaweza kuumia figo. Haimaanishi imekatazwa. Inamaanisha asipewe kabla antibiotiki hazijaanza, kabla figo hazijapimwa, na kabla damu ya kuotesha haijachukuliwa.

Kisha kuna mgongano wa dawa ambao kila mfamasia na kila muuguzi anapaswa kuujua kichwani. Nimonia hutibiwa mara nyingi kwa klarithromaisini. Utando wa moyo hutibiwa kwa kolkisini. Kila moja ina mantiki yake, na kwenye faili mbili za madaktari wawili hakuna kosa. Zikikutana mwilini mwa mtu mmoja, klarithromaisini huzuia njia ambazo ini na utumbo hutumia kuiondoa kolkisini, nayo inapanda mpaka kuwa sumu: kuharisha kukali, misuli kulegea, chembe za damu kuporomoka, na kifo, hasa kwa mwenye figo dhaifu. Vifo vya namna hii vimeripotiwa. Ichaguliwe antibiotiki nyingine, au kolkisini isubiri. Ritonavir, iliyomo katika baadhi ya dawa za virusi, ina hatari ileile. Kuharisha kwa mgonjwa anayemeza kolkisini kusichukuliwe kuwa jambo dogo. Dozi ipunguzwe au isimamishwe, na sababu itafutwe.

Usaha ndani ya mfuko wa moyo ni jambo jingine kabisa. Kabla ya antibiotiki, nimonia ya nyumokokasi, bakteria wa kawaida wa nimonia, ilikuwa ndiyo chanzo chake kikuu. Sasa ni nadra, na unadra huo umewafanya watu waisahau. Mgonjwa wake huwa hoi, ana homa kali, na wakati mwingine maumivu yale ya kawaida ya kifua hayapo kabisa. Ratiba yake inaweza kuwa hivi: nimonia imeanza kutibiwa, kuna nafuu, kisha baada ya siku kadhaa homa inarudi au mapigo yanakataa kushuka. Wengi hubadilisha antibiotiki. Kabla ya kubadilisha, tafuta usaha uliojificha, kando ya pafu na kando ya moyo. Antibiotiki za mshipani peke yake hazitoshi, maana usaha mzito haupenyeki vizuri na hujigawa vyumba vyumba. Ni lazima utolewe, mara nyingi kwa mrija au kwa upasuaji mdogo, na antibiotiki ziendelee kwa wiki kadhaa. Usipotolewa, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo za nyumokokasi na za himofilasi aina ya b kwa watoto zimezuia sehemu kubwa ya mkasa huu.

Tusisahau kwamba moyo una utando wa ndani pia, unaofunika vali, nao una namna yake ya kukutana na mapafu. Bakteria wakiota kwenye vali ya upande wa kulia, mara nyingi stafilokokasi kwa mtu anayejidunga dawa za kulevya au mwenye mrija wa muda mrefu kwenye mshipa, vipande hukatika na kusafiri moja kwa moja hadi mapafuni. Picha huonyesha madoa ya duara kwenye mapafu yote mawili, mengine yakiwa na mashimo katikati. Inaitwa nimonia, inapewa vidonge, inarudi. Ukiona madoa pande zote mbili na homa isiyokwisha, chukua damu ya kuotesha mara 3, kutoka sehemu tofauti za mwili, kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Dozi moja tu inaweza kufanya chupa zote zitoke tupu, na hapo tiba ya wiki nyingi itaendeshwa kwa kubahatisha. Nyumokokasi naye anaweza kushika mapafu, utando wa ubongo na vali za moyo kwa pamoja. Robert Austrian alieleza utatu huo mwaka 1957. Kwa hiyo mgonjwa wa nimonia na homa ya uti wa mgongo asikilizwe moyo kila siku kwa ajili ya mvumo mpya, sauti ya damu ikipita kwenye vali iliyoharibika.

Kifua kikuu kina mwendo wake wa polepole. Wiki au miezi ya kupungua uzito, jasho la usiku, kuchoka kupanda ngazi, tumbo kujaa. Maumivu makali huwa machache. Kila mwenye majimaji mengi kwenye mfuko wa moyo apimwe pia Virusi vya UKIMWI. Dawa ni zilezile za mapafu: 4 kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. Prednisoloni ina nafasi hapa, lakini kwa mipaka. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2014 lilionyesha kwamba haikupunguza jumla ya vifo, kubanwa kwa moyo na kukauka kwa utando ukaushika moyo, ingawa kukauka kwenyewe kulipungua. Kwa wenye VVU saratani ziliongezeka. Na rifampisini huharakisha kuondolewa kwa prednisoloni mwilini, kwa hiyo dozi iliyotosha kwa mgonjwa mwingine inaweza isitoshe kwa huyu. Rifampisini huipunguza kolkisini pia.

Kwa mtoto hakuna atakayekuambia kuhusu bega. Atalia kila akilazwa na kunyamaza akiinuliwa na kuegemezwa kifuani kwa mlezi. Atakataa kunyonya, atakoroma kila anapotoa pumzi. Hesabu pumzi kwa dakika moja kamili akiwa ametulia: 60 au zaidi chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa mwaka 1 hadi 5, hizo ni za haraka. Ukihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili utakosea, kwa sababu watoto hupumua kwa mafungu. Ini lililovimba chini ya mbavu za kulia, kwa mtoto mwenye nimonia, ni sababu ya kuomba ultrasaundi ya moyo siku hiyohiyo.

Kupona kunachosha zaidi ya wagonjwa wanavyoambiwa. Homa imeisha, mapafu yamesafishika, mtu anajiona mzima na anarudi kwenye mazoezi. Utando ulio katikati ya kupona unasuguliwa na moyo unaokimbia, na baada ya siku chache maumivu yamerudi. Mazoezi yasubiri mpaka maumivu yaishe na CRP irudi kawaida. Kwa wanariadha, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2015 ulitaka angalau miezi 3. Dawa zisikatwe siku maumivu yanapokoma. Ibuprofeni hupunguzwa miligramu 200 hadi 400 kila wiki 1 au 2, na CRP ikiwa bado iko juu, usishushe. Maumivu yakirudi baada ya wiki 4 hadi 6 za utulivu, hayo ni marudio, na hutibiwa upya kwa ukamilifu, kolkisini kwa miezi 6 badala ya 3. Yakirudi ndani ya wiki hizo, ugonjwa wa kwanza ulikuwa haujaisha.

Aliyeugua kifua kikuu cha moyo au usaha arudishwe kwenye ultrasaundi hata akijisikia vizuri, kwa sababu utando unaweza kukauka na kuushika moyo miezi kadhaa baadaye. Dalili yake huanza tumboni kabla ya miguuni. Mkanda wa suruali unabana ilhali mikono na mashavu vinakonda. Mwegemeze kwenye mito, nusu ameketi, tazama mshipa wa shingo, mwambie avute pumzi. Kwa mtu mwenye afya mshipa unashuka. Wake ukipanda, apelekwe kwa daktari wa moyo bila kusubiri kliniki inayofuata.